Bata Mzinga Weupe Mbele ya Wakwe

Mkitaka kucheka chekeni sasa mmalize, kwa sababu nikianza kusimulia sitaki kuona meno ya mtu. Aibu niliyoipata siku ile hapa hapa Isiolo, mbele ya wakwe, mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto, na si haya peke yake, ni hasira. Hasira kwa binamu yangu Rashidi, hasira kwa mume wangu, hasira kwa wale ndege, na (haya, wacha niseme) kwangu mwenyewe pia, kidogo.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya themanini. Mume wangu, Baba Saida, alikuwa na lori la kubeba mbuzi na ng'ombe kupeleka Nairobi, akiondoka ameondoka, na mimi nimebaki nyumbani na kuku wangu wa kienyeji ambao nguchiro alikuwa anawamaliza mmoja mmoja kama mtu anayekula njugu. Nikasema hapana, mimi nataka ndege mkubwa, ndege ambaye nguchiro akimwona anaomba msamaha. Sasa huyu Rashidi, mtoto wa mjomba wangu, alikuwa dereva kwenye shamba la mzungu mmoja kule Timau, na hapo shambani walifuga bata mzinga. Akanibeba siku moja nikachague mwenyewe.

Walikuwa wa aina mbili. Kulikuwa na weusi, manyoya yanameta kama shaba iliyosuguliwa, wadogo kiasi, wakorofi, wanaruka mpaka juu ya paa, na jike mmoja alikuwa anatembea na vifaranga nyuma yake kama mwalimu na wanafunzi (nilimwona kwa macho yangu haya mawili, na hiyo ndiyo inaniuma). Halafu kulikuwa na weupe. Weupe pe! Na vifua hivi! Wanatembea polepole kama mabibi harusi. Nikiwa bado nimesimama pale nikiwaangalia, mmoja wa wale weusi akaja akanidonoa kidole cha mguu, nikasema basi, hawa hawana adabu, nipe weupe, dume na jike.

Rashidi akaniuliza, "Una hakika, dada? Weupe?"

"Kwani wewe huoni uzuri?"

"Uzuri naona," akasema, halafu akaenda kuwasha gari.

Tukateremka nao Isiolo, na vumbi la Isiolo mnalijua, hata wiki haikuisha weupe ukawa rangi ya chai, nikawa nawaosha kwa sabuni kama watoto wa shule. Lakini wanawake wa mtaa walikuja kuwaona, wakashika vifua, wakasema mashallah, na mimi kwa mdomo wangu huu nikaanza kugawa vifaranga ambavyo havijazaliwa: wewe nitakupa wawili, wewe utapata jike, wewe ngoja kidogo. Binti yangu Saida akaniuliza, "Mama, unagawa nini na hakuna kitu?" Nikamwambia ashike ufagio afagie.

Dume lenyewe, jamani, lilikuwa zito mpaka likijaribu kumpanda jike linateleza linaanguka ubavu, linabaki hapo linahema. Mimi nikasema bado kijana, atajifunza. Jike likataga, likaanza kulalia, na kwa sababu ya nguchiro nikaliweka ndani ya nyumba, sebuleni, kwenye karai lenye nyasi nyuma ya kile kiti kirefu cha wageni. Likalalia. Likalalia mpaka nikasahau lilianza lini. Baba Saida akarudi safari, akachungulia, akasema, "Mama Saida, haya mayai yamelala mno." Nikamwambia aendeshe lori lake, mambo ya ndege aniachie mimi. (Ningeyatupa vipi, na nusu ya mtaa wananiuliza kila siku vifaranga vyao viko wapi?)

Hapo ndipo ikaja habari kwamba wazee kutoka Kinna wanakuja kumwomba Saida. Kijana tulimjua, mpole, kwao wanauza ng'ombe, watu wa heshima kabisa. Nikapika tangu alfajiri: pilau, sambusa, chai ya maziwa ya ngamia. Nikafukiza ubani. Lile karai nikaliangalia, nikafikiria nilitoe nje, halafu nikajiambia, ukilisumbua sasa hivi na vifaranga viko karibu kutoka, utaharibu kazi yote. Nikateremsha pazia nyuma ya kiti, nikaliacha.

Wakaingia. "Assalaam aleikum." "Waaleikum salaam, karibuni, karibuni." Mzee wao, Mzee Galgalo, akakaa upande wa mlango na bakora yake, na shangazi wa kijana, mama mnene mwenye sauti nzito jina lake Habiba, akakaa wapi? Kwenye kile kiti kirefu, akaegemea vizuri kabisa. Walikuwa wameleta sukari, majani ya chai na buni za kahawa. Fatiha ikasomwa, Mzee Galgalo akakohoa, akaanza: "Sisi tumeona katika nyumba hii kuna..."

Pwaa!

Watu wakaangaliana. Mama Habiba akageuka pole pole. Halafu harufu ikafika. Ndugu zangu, hiyo haikuwa harufu, hiyo ilikuwa kitu cha kushika kwa mikono. Jike likashtuka, likasimama, likakanyaga mayai mengine, pwaa, pwaa, likapanda juu ya kiti likiwa limelowa ule uozo kuanzia kifua mpaka mkia, na kutoka kwenye kiti likashuka mapajani kwa Mama Habiba, likapiga mabawa. Yule mama akapiga ukelele uliosikika mpaka sokoni. Dume huko nje likasikia mke wake amepatwa, likaingia mbio, kolo-kolo-kolo, limejitandaza kama mwavuli, likasimama mlangoni, hakuna wa kutoka! Mzee Galgalo akainua bakora alipige, akapiga birika. Chai ikamwagikia sukari yao wenyewe waliyotuletea.

Nililikamata dume kwa shingo na wageni wakatoka, mmoja mmoja, shuka na shungi puani. Uani walikuwa wamejaa majirani, wale wale niliowaahidi vifaranga. Mzee Galgalo akasimama getini, akaniambia kwa upole ambao ulinichoma kuliko tusi:

"Mama, sisi tumelala na ngamia, tumelala na mbuzi wagonjwa. Hii harufu hatujawahi kuijua."

Saida alikuwa chumbani analia. Mimi nikaenda jikoni, na nani alikuwa jikoni? Rashidi, ambaye alikuja kama mjomba wa bibi harusi, amesimama anakula sambusa.

"Rashidi, mayai yote yameoza. Yote! Kwa nini?"

"Si hao ni weupe," akasema, akatafuna. "Weupe ni wa kuchinja, dada. Dume ni zito, haliwezi kupanda. Kule shambani watu huchukua mbegu ya dume wakampandikiza jike kwa mkono. Wanaozaa wenyewe ni wale weusi."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulisema unataka uzuri."

Wallahi nilimfukuza na mwiko mpaka barabara ya Marsabit, mtu mzima, mama wa bibi harusi, shungi limeanguka, na mtaa wote umesimama unatazama. Kama ilibaki heshima yoyote nyumbani mwangu siku ile, niliimaliza hapo kwa miguu yangu.

Watu wa Kinna, Mungu awabariki, hawakuvunja posa. Walituma mtu kwa mume wangu, wakasema mtoto tunampenda, lakini mazungumzo yaendelee nyumbani kwa kaka yako. Nyumbani kwa shemeji! Mimi niliyemzaa nikaketi kwa watu kama mgeni, na Baba Saida akaona hiyo ni hadithi nzuri, akaipakia kwenye lori, akaishusha kila kituo mpaka Nairobi. Na siku ya harusi, bila kuniambia, akawachinja wale bata mzinga, wakawekwa kwenye pilau. Mama Habiba akala, akalamba vidole, akauliza hii nyama tamu hivi ni ya nini, akaongezwa. Niliondoka nikaenda kuketi na masufuria, maana ningefungua mdomo pale, harusi ingevunjika kweli.

Saida ana watoto wake sasa, salama. Mimi, ndege mweupe sitaki, mweusi sitaki, na mtu akiniletea mnyama yeyote, awe kuku, awe mbuzi, awe ngamia, mambo ya uzuri wake aende akawaambie wengine. Mimi nauliza moja tu: huyu anazaa? Na nikishajibiwa, nauliza tena, na Rashidi akiwa karibu nauliza mara ya tatu.