Nilimwacha Mama Mkwe Asugue Dhahabu Yote

Admin, jina langu liweke kapuni, kijiji kitaje tu, tuko wengi huku. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nimeolewa Werugha na ninauza vyombo vya mtumba katika duka la mtu pale Voi. Huu ni mwaka wa tisa sijajaliwa mtoto, na mama mkwe hajawahi kuniacha nisahau. Wake wa mashemeji zangu anawaita kwa majina ya watoto wao. Mimi, nyumba ikijaa wageni, ananiita Mama Nani. Akipakua chakula ananiambia nimalize tu, sina wa kumbakishia. Watu hucheka. Nami hucheka, kisha naenda kuosha vyombo.

Sasa mama anapoteza macho. Daktari alisema afanyiwe upasuaji mapema, pesa ikawa shida. Hapo ndipo nilipokitazama vizuri chombo anachowekea miiko jikoni, ambacho marehemu mamake alipewa na bibi wa kizungu aliyemfanyia kazi kwenye shamba la mkonge. Tajiri wangu dukani amenifundisha vyombo vya Kijapani vya zamani: rangi ya maziwa mazito, nyufa nyembamba kama nywele, dhahabu iliyopakwa kwa mkono hadi imeinuka, na chini alama ya fundi. Hiki kilikuwa na vyote.

Nilipiga picha nikamtumia mnunuzi wa vitu vya kale, Mombasa. Alijibu siku hiyo hiyo. Alisema ni Satsuma, ufinyanzi wa thamani wa Japani, kina miaka zaidi ya mia, na dhahabu ikiwa nzima kitalipia macho yote mawili. Angekuja Jumamosi. Akaongeza kwa ujumbe wa pili kwamba kisioshwe, kisiguswe hata na kitambaa, masizi yaachwe yalivyo, kwa sababu bei yote iko kwenye dhahabu na ile alama.

Nyumbani nilieleza yote isipokuwa la dhahabu na hilo la mwisho. Sikusahau. Namjua mama. Hakuna chombo kinachotoka jikoni kwake kwenda mbele ya mgeni bila kusuguliwa mpaka ujione uso.

Jumamosi asubuhi, mume wangu akiwa ameenda kumpokea mgeni barabarani, mama aliketi kwenye kigoda na jivu lake, akaniagiza waya wa kusugulia. Nilimletea mpya. Alisugua huku akipapasa kwa kidole gumba.

"Hii uchafu imegandia kama vipele," akasema. "Imetoka?"

"Iko kidogo huko chini, mama."

Akakigeuza, akasugua chini pia, na alama ikaenda. Maji ya karai yalikuwa yanametameta. Nilisimama pale nikitazama, na nawaambia ukweli, nilisikia raha.

Mnunuzi alikigeuza mara mbili akauliza nani amekisugua. Mama akasema ni yeye, kwa mikono yake mwenyewe, akitabasamu. Mgeni alieleza polepole kwamba sasa ni chombo cha kuwekea miiko tu. Nilipomsindikiza hadi kwenye gari aliniuliza kama sikupata ujumbe wake wa kutokiosha. Nikasingizia network ya milimani.

Tangu hapo wifi zangu, mabinti zake mama, wamekataa kuchanga pesa za upasuaji. Wanasema mama amejipofusha mwenyewe, na yeye amekubali. Anaomba msamaha kila anayeingia. Haniiti Mama Nani tena, ananiita mwanangu, kwa sababu ni mimi ninayemshika mkono kumpeleka choo. Juzi nikimkata kucha alinyoosha mikono akanipapasa uso, paji hadi kidevu.

"Miaka yote nilikuwa naona," akasema, "na sikukuangalia."

Sikulia. Nilimaliza kucha za mkono wa pili.

Ujumbe wa mnunuzi bado uko kwenye simu. Nikiuonyesha, wifi watajua si kosa la mama na watachanga, nami nitarudishwa kwetu Mbololo siku hiyo hiyo. Nikinyamaza, daktari amesema mwaka huu hautaisha kabla ya giza kamili. Kila usiku natafuta huruma moyoni mwangu na siioni, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko kuachwa. Mlio na mama wakwe, mniambie bila kunionea aibu: niuonyeshe huo ujumbe, au niufute?