Meno Mawili ya Elia

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nilipewa kazi ya kuhakikisha mdogo wangu hacheki mbele ya watu. Wenzangu walitumwa kuni, maji na majani ya ng'ombe. Mimi nilitumwa hayo yote, halafu juu yake nikafungiwa mgongoni mtoto wa miezi saba mwenye furaha zake, nikaambiwa nikitoka naye uani nisimtekenye wala nisimwimbie, na mtu akitaka kumchezea nigeuke niende zangu. Hadi leo nikilikumbuka jambo hili damu inanichemka, na sitaki mtu aniambie nipoe.

Mdogo wangu huyo ni Elia. Kwetu ni Upare, wilaya ya Same, kwenye milima iliyo juu ya Kisiwani, ambako watu hulima tangawizi na migomba kwenye matuta. Asubuhi moja Mama alikuwa anamnywesha uji, kijiko kikagonga kitu kigumu. Akamwinua mdomo, akaona meno mawili meupe juu. Chini ufizi ulikuwa mtupu. Mama akaweka kikombe chini, akaenda kumwita Bibi, mama yake Baba, ambaye tuliishi naye ua mmoja. Bibi alitazama mara moja tu, akaufumba mdomo wa mtoto kwa vidole viwili.

"Kigego," akasema.

Kwa asiyejua, kigego ni mtoto aliyetanguliza meno ya juu kabla ya yale ya chini. Kwetu mtoto wa namna hiyo alihesabiwa nuksi. Ng'ombe akifa, ni yeye. Mvua ikikosa, ni yeye. Zamani za mababu hakuachwa akue, alipelekwa kwenye jabali akasukumwa, na siku hizi wageni hupelekwa kwenye majabali kama hayo kupiga picha. Wakati wangu hakuna aliyesukumwa popote. Tulikuwa Walutheri, tena Baba alikuwa mzee wa kanisa. Lakini ile imani haikuhama. Ilijifunga kitenge ikaja kukaa nasi kwenye benchi lile lile la kanisa.

"Watu wakiyaona haya meno," Bibi alimwambia Mama, "mtoto huyu hamalizi mwaka salama. Mfiche mpaka ya chini yatoke. Yakishatoka, nani atajua yapi yalitangulia?"

Nataka nimtendee Bibi haki: alimpenda Elia. Alimpenda kuliko alivyotupenda sisi wengine, na alikuwa anamkinga na ndimi za watu kwa namna aliyoijua. Hilo halinipunguzii hasira hata kidogo. Mtu asiyekupenda unaweza kumkimbia, lakini huyu alikuwa anatupikia.

Sasa fikiria siku ya kliniki. Zahanati yetu ilikuwa na mzani wa kuning'iniza. Mtoto anavuliwa nguo, anavalishwa kile kikaptula cha turubai, anatundikwa kwenye ndoano. Sijaona mtoto aliyetundikwa pale asilie mdomo wazi mpaka kimeo kionekane, na wanawake wa kijiji kizima wamekaa kwenye mabenchi wanatazama. Mama alilijua hilo, kwa hiyo akaacha kwenda. Mwezi wake wa nane hakwenda. Mwezi wa tisa, mwezi wa chanjo ya surua, hakwenda. Kadi ya Elia ilikaa ndani ya sanduku, chini ya shuka za wageni.

Nakumbuka jioni moja jikoni Mama alimwuliza Baba, "Baba Namvua, na sindano ya surua je?" Namvua ni mimi. Baba alikuwa ameshasimama, ana kitabu cha nyimbo mkononi, anakwenda mazoezi ya kwaya. Akasema, "Msikilize mama," yaani Bibi. Akaondoka. Mzee wa kanisa mzima, aliyekuwa akisimama madhabahuni na kutuambia tuache ushirikina, kwa mtoto wake mwenyewe aliweza kusema maneno mawili tu. Naye sijamsahau.

Wiki ile ile nilikutana na nesi njiani, mimi natoka shule, yeye anapanda kutoka sokoni na mfuko wa dagaa.

"Shikamoo."

"Marahaba, Namvua. Mdogo wako simwoni kliniki. Mzima?"

"Mzima. Yuko Kisiwani kwa shangazi."

Elia alikuwa amelala nyumbani, hatua mia moja hivi kutoka tuliposimama. Kama angelia wakati ule, nesi angemsikia.

"Basi mwambie mama, akirudi amlete," nesi akasema. "Hata kama si siku ya kliniki. Mimi nitamchanja siku yoyote."

Hakuna aliyenifundisha uongo ule. Niliutunga mwenyewe pale pale, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa nyumbani kwetu kunatakiwa nini. Nilikimbia kumsimulia Mama, naye akaniambia nimefanya vizuri, akanipa ndizi mbivu. Niliila yote. Mtoto wa miaka tisa anapopewa zawadi kwa kumdanganya nesi, ujue nyumba hiyo imeoza paa na msingi.

Haikuchukua muda surua ikapanda mlimani. Darasani kwetu madawati yalibaki wazi. Mimi haikunigusa, nilikuwa nimechanjwa, maana meno yangu yalikuwa na adabu ya kuanzia chini. Elia alianza kwa mafua na homa, macho yakawa mekundu, kisha vipele vikatoka nyuma ya masikio na kushuka mwili mzima. Na siku hizo hizo, kama vile tulikuwa tunachezewa, meno mawili ya chini yakatoboa. Bibi alipoyaona alipiga vigelegele.

"Haya, sasa mpelekeni popote mnapotaka," akasema.

Lakini Mama hakutoka siku ile. Angemwambia nini nesi kuhusu Kisiwani? Walisubiri siku mbili, labda homa ingeshuka yenyewe. Katika siku hizo mbili Bibi alitwanga majani, akayakamua kwenye kitambaa, akamdondoshea Elia machoni ili wekundu uondoke. Mimi nilimshika kichwa asitikisike. Siku ya tatu Baba alimbeba wakashuka naye hadi hospitali, Mama akifuata nyuma, na walipofika kile cheusi cha jicho kilikuwa kimeshaingia ukungu. Daktari aliuliza kwa nini mtoto hakuchanjwa. Mama alijibu kwamba alisahau.

Elia hakufa. Alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, amekonda, na hakuwa akigeuka ukimpungia mkono. Anajua mchana na usiku, basi.

Na siri ya meno ilipotoka, unajua kijiji kilisema nini? Kilisema Bibi anaona mbali. Alisema hatamaliza mwaka salama, na kweli hakumaliza. Bibi mwenyewe alilirudia hilo mpaka siku alipozikwa, kwa huzuni ya kweli, kama mtu aliyeonya akapuuzwa. Mimi nauliza, huo ni utabiri gani ambao mtabiri ndiye anautimiza kwa mikono yake? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Elia hakuwa na maradhi. Alikuwa na meno. Tulificha uzima wake mpaka ukageuka maradhi, kisha tukasema meno ndiyo yaliyoyaleta.

Mwenye mtoto mdogo anisikilize, na akitaka akasirike. Meno huota yanavyotaka. Wengi huanza chini, wengine juu, kama ambavyo huyu hutembea mapema na yule huchelewa. Chanjo ina siku yake, na siku hiyo ikikupita nenda kesho yake, hakuna nesi atakayekula nyama yako. Jicho la mtoto mgonjwa lisiguswe na majani ya mtu yeyote, hata awe bibi yako mzaa baba. Akishikwa na surua apelekwe mapema, pamoja na mambo mengine atapewa vitamini ya kumlinda macho. Nilikuja kuyajua haya nikiwa mtu mzima. Nesi wetu aliyajua siku ile, akiwa na mfuko wake wa dagaa njiani, na mimi nilimrudisha.

Desemba iliyopita nilipanda nyumbani kwa Krismasi na binti yangu wa miezi saba. Bibi na Baba walishafariki, wamebaki Mama na Elia, ambaye sasa ni mwanaume mwenye ndevu na shamba lake la tangawizi, analivuna kwa kupapasa na havunji kipande. Jumapili Mama alikuwa anamwogesha mjukuu ili twende kanisani, ghafla maji yakanyamaza.

"Namvua, njoo."

Niliijua sauti ile. Nilifika nikamkuta amemwinua mtoto mdomo kwa kidole.

"Najua, Mama. Yana wiki mbili."

"Hukuniambia."

"Nikuambie ili iweje?"

Akachukua khanga iliyokuwa begani mwake, akaanza kumzungushia mtoto usoni. "Tumfunike kidogo tu kule kanisani. Watu wa hapa unawajua."

Sijawahi kumpandishia Mama sauti maishani mwangu. Siku hiyo nilipaza mpaka kuku wakatawanyika. Nilimwambia aitoe khanga ile, na nilimwambia mengine ambayo mtu hamwambii mama yake. Elia alikuwa kibarazani anavaa viatu. Akaja akifuata ukuta kwa mkono.

"Mtoto ana nini?"

"Meno ya juu," nikasema. "Ametanguliza ya juu."

Kisha akainama, akanawa mikono kwa sabuni kwenye beseni, akaomba apewe mtoto. Alimpakata, akapitisha kidole kwenye ufizi wake taratibu, huku na huku, kama anavyotafuta tangawizi udongoni. Mtoto akakiuma kidole.

"Ni haya?"

"Ndiyo."

"Mawili?"

"Mawili."

Akaendelea kuyagusa. Halafu akamgeukia Mama, akauliza bila ukali wowote, kama mtu anayetaka tu kufahamu, "Mama, na yangu yalikuwa makubwa kama haya?"

Mama aliikunja khanga mara nne, akaiweka magotini.

"Yako yalikuwa madogo zaidi," akasema.

Elia alicheka kidogo puani, akamrudishia Mama mjukuu wake, akasema tutachelewa ibada. Amemsamehe, na ana haki ya kusamehe kwa sababu macho yalikuwa yake. Mimi nampenda Mama. Namnunulia dawa za presha na kumpigia simu kila jioni, na nikimwona anavyomkatia Elia nyama sahanini najua hakuna siku anayopumzika. Lakini kumsamehe bado sijaweza.