Dari la chumba cha mama, Ibra

Wakuu, salaam alaykum. Hili nimekaa nalo moyoni muda sasa. Leo nalitoa kama lilivyo, sijatia chumvi.

Mimi nafanya kazi Nizwa, huku Oman. Mama yuko Ibra na dada yangu Zuwena, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba.

Mwaka jana mvua zilipiga sana. Nilipokwenda kumtazama mama, nikaona doa la rangi ya chai darini, juu ya kitanda chake, plasta imevimba. Nikagonga taratibu kwa mpini wa fagio. Kwengine pakatoa sauti nzito. Pale kwenye doa palilia kama debe tupu.

Nikapanda juu ya paa. Tangi la maji linavuja, na tundu la kutolea maji ya mvua limezibwa na mchanga na majani. Maji yametuama hapo hapo juu ya zege.

Fundi akaja, akabandua kipande cha plasta pembeni. Nondo za ndani ya zege zimeliwa na kutu. Akasema asilale mtu chumba hiki.

Mama akakataa.

"Baba yenu kafia humu. Mnanitoa mnipeleke wapi?"

Zuwena alimbembeleza mpaka yeye mwenyewe akalia. Mama akaendelea kuvuta tasbihi yake.

Nikavua viatu, nikajilaza kitandani kwake, chini ya lile doa.

"Basi mama, nenda kalale majlis, chumba cha wageni. Mimi nitalala hapa."

Akanitazama. Akatazama dari.

"Inuka, mwanangu."

"Mpaka utoke wewe."

Akachukua mto wake na mswala wa baba, akatangulia.

Tangi tukalifunga siku ile ile. Lakini zege lilikwisha kuoza. Haikupita wiki, sijarudi bado Nizwa, baada ya sala ya alasiri, tukasikia kishindo. Chumbani hamna mtu. Mapande ya zege yamelala kitandani, pale mama anapoweka kichwa.

Mama akaja mlangoni, akayaona. Akasema, "Alhamdulillahi." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Wakuu, pandeni juu ya nyumba zenu kabla ya mvua na baada yake. Zibueni yale matundu, tazameni matangi. Doa msilipake rangi tu, tafuteni maji yanatoka wapi. Na dari likivimba au likilia tupu, toeni watu kwanza, ndio mumwite fundi.

Nani mwengine ana mzee asiyekubali kuhama chumba chake? Mlimwambia nini? Andikeni hapa, maana wa kwetu bado kila jioni ananipigia simu kuuliza fundi atamaliza lini arudi kwake.