Makaa ya Vifuu Tuliyoyachoma Wawili

Mimi ni mwalimu wa kemia, na mume niliyekuwa naye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma Mlandege. Kisima cha nyumba yetu kilikuwa na maji ya chumvichumvi, tena yananuka. Nikamwambia vifuu vya nazi vikichomwa pasipo hewa hugeuka makaa yenye vitundu vidogo mno, na vitundu hivyo hunasa harufu. Alicheka, kisha akaniungia pipa lenye mfuniko na bomba la kutolea moshi.

Vifuu nilivipata kwa wakuna nazi wa sokoni. Nilivivunjavunja, nikavilaza siku mbili kwenye maji ya majivu ya maganda ya ndizi. Chumvi iliyomo katika majivu hayo ndiyo kichocheo. Ndiyo inayotoboa vile vitundu. Mara ya kwanza tulipata jivu tupu.

"Hewa inaingia," alisema, akipapasa ukingo wa mfuniko. "Niachie mimi."

Akauziba kwa udongo wa mfinyanzi. Tukakaa uani, macho mekundu kwa moshi, tukishindana nani atakimbia kwanza. Sijapata tena furaha kama ile.

Baadaye akapata kazi hotelini Kendwa. Alikuwa akirudi kila Ijumaa, kisha Ijumaa moja anakuja, moja haji. Nikawa nachoma peke yangu.

Siku makaa yalipokubali, alikuwepo. Niliyaosha, nikayajaza kwenye ndoo iliyotobolewa chini, nikamimina maji ya kisima. Uchumvi ulibaki, lakini harufu ilikwisha kabisa. Nikampa kikombe. Hakukipokea.

"Nshaoa," alisema. "Kendwa. Tangu Ramadhani."

"Na futari nliyokuwa nkikuwekea?"

Akainama akaupapasa ukingo wa pipa.

Maji yale niliyanywa mwenyewe, wima, ili mikono ipate kazi. Kuoa ni haki yake. Kunificha haikuwa haki yake. Wiki iliyofuata nikamwomba talaka. Alinipa huku akilia, na kilio chake kiliniumiza kuliko ile ndoa yake ya Kendwa.

Eda nilikaa kwa dada yangu Kizimkazi. Alinipikia kila nilichokipenda utotoni.

"Kula, mdogo wangu."

Nilitafuna. Kisha nikamrudishia sahani.

Siku hizi nimerudi kwenye kisima changu, na majirani huja na madumu yao kuchuja maji kwangu, wakanisifu, nami nikawashukuru. Juzi mmoja aliniuliza kazi hii nilijifunza na nani.

"Chuoni," nikamjibu, nikaingia ndani nikalia.