Dari ya Viroba

"Mama mkubwa, mbona hilo tundu hujalishona? Si ndimo baridi inamoingilia?"

Aliyeuliza alikuwa Jenifa, mtoto wa darasa la kwanza, kamasi zimemkaukia juu ya mdomo, mikononi kashika bakuli la uji wa ulezi alilotumwa na mama yake alipeleke chumba cha jirani. Alikuwa ametazama juu mpaka shingo ikamuuma. Juu ya kitanda cha Shija ilitandazwa dari ya viroba vitupu vya nafaka, vimeungwa kwa kamba ya katani, mshono baada ya mshono, kama nguo ya sikukuu. Kila pembe ilikuwa imebanwa sawasawa. Ila pembe moja, ile ya upande wa akina Jenifa, ilikuwa wazi kiasi cha kupenya kiganja.

Shija akapokea uji, akacheka kidogo. "La panya hilo, mwanangu. Kwani yeye hasikii baridi?"

Jenifa akaamini. Ukiwa na miaka saba, panya ni jibu la kutosha.

Mwaka ule Shija alikuwa mgeni pale Izia, mtaa wa Sumbawanga mjini. Kwao ni Mtowisa, bondeni, ambako mwezi wa sita watu bado wanagombea kivuli. Alikuwa Msukuma, mke wa mfugaji aitwaye Masanja, na Mungu hakuwajalia mtoto. Mwezi wa tatu Masanja akafariki. Siku ya kuanua matanga wazee wa ukoo wakakaa, na Mayunga, mdogo wa marehemu, akasema kwamba ng'ombe watahamia kwenye mji wake, na shemeji naye atahamia pamoja nao.

"Ng'ombe chukua," Shija akasema. "Mimi siendi."

"Utaenda wapi?"

"Sumbawanga. Nitauza mchele."

Mayunga akacheka mpaka akaegemea fimbo yake. "Shemeji! Wewe ambaye ukiona wingu tu unajifunika blanketi? Wazee, mwacheni aende. Baridi ya huko juu itamrudisha kabla ya Nanenane. Ila akirudi, kusiwe na maneno tena. Anaingia kwangu."

Wazee wakaona ni neno la haki. Shija akaitikia mbele yao wote. Tangu hapo maisha yake yakawa yamening'inia kwenye tarehe moja: akifika Nanenane akiwa bado juu, ni mtu huru. Akishuka kabla, amejipeleka mwenyewe.

Chumba alichopanga kilikuwa cha tatu katika nyumba ya vyumba sita. Matofali ya kuchoma, hayajapigwa lipu, bati juu, na kuta za katikati hazikufika juu. Zilikoma njiani, na kutoka hapo hadi kwenye kenchi palikuwa wazi. Upepo uliingia chumba cha kwanza ukatokea cha sita bila kumwomba mtu ruhusa.

Na sauti vilevile. Chumba cha nne alikaa Adolfu, fundi baiskeli, na mkewe Margareth na watoto watatu, Calvin, Sharon na huyo Jenifa. Shija aliwajua kwa masikio kabla hajawajua kwa sura. Alijua Calvin ndiye anayevuta blanketi na Sharon ndiye anayelia kwanza ili aonekane ameonewa. Jua likizama walisali rozari, na mwishoni kila mtoto alitakiwa kumwombea mtu mmoja. Calvin aliiombea timu yake ya mpira, akazabwa kofi. Sharon alimwombea bibi. Jenifa alikuwa wa mwisho. Shija, peke yake na sahani yake ya ugali, wakati mwingine alijikuta ameacha kutafuna ili asikie vizuri.

Mwezi wa sita ukaingia, na baridi nayo. Asubuhi Shija alitoa moshi mdomoni akadhani anaumwa. Vidole vilikataa kushika kopo la kupimia mchele. Akaamua kufanya alichofundishwa na mama yake: akaenda kwenye zizi moja pembeni mwa mtaa, akaomba ndoo mbili za mavi ya ng'ombe, akayachanganya na udongo na majivu, akasiliba ukuta wote kwa kiganja, kila ufa, kila upenyo. Mtowisa ungesiliba asubuhi, mchana ukuta unagongeka kama chungu.

Siku ya nne ukuta ulikuwa bado unatiririka. Chumba kilinuka, blanketi lilikuwa na unyevu, na baridi ilikuwa imezidi mara mbili.

Mwenye nyumba, Mzee Felisian, akaja kafunika pua kwa kofia. "Wewe mama, nilikupangisha chumba au zizi?"

"Shikamoo, mzee. Nangoja ukuta ukauke."

"Marahaba. Ukauke kwa jua lipi? Hapa jua la mwezi wa sita ni la kutazama, si la kuanikia!"

Alipoondoka, Margareth akaingia na jembe la mkono, hakungoja kualikwa, akaanza kukwangua. "Nyie Wasukuma, kila kitu ng'ombe," akasema.

"Na nyie Wafipa kila kitu ulezi," Shija akajibu, na wote wawili wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza cha Shija tangu mwezi wa tatu.

Ni Margareth aliyemfundisha. Karatasi za mifuko ya saruji, zikung'utwe vumbi, zibandikwe ukutani kwa uji mzito wa muhogo, tabaka tatu. Nguo kuukuu isokotwe, iwekwe chini ya mlango. Majani makavu yashindiliwe kwenye gunia, yawe godoro chini ya godoro. Jiko la mkaa liwashwe nje na libaki nje, "maana humu likikulaza, huamki." Na juu ya yote, dari. "Joto ni kama kuku, dada. Ukimfungia mlango ukasahau juu, anaruka."

Shija akanunua viroba sokoni Milanzi, akashona siku tano. Jioni ya tano akapanda juu ya stuli, akabana pembe ya mwisho. Akashuka, akakaa kitandani, akasubiri. Chumba kikaanza kupata joto. Vidole vikalegea. Akavua sweta moja.

Kisha akagundua kwamba hasikii kitu.

Viroba, karatasi na nguo kuukuu vilikuwa vimemeza nyumba nzima. Ng'ambo ya ukuta watu watano walikuwa wanakula, wanagombana, wanasali. Kwake ilifika mivumo tu, kama nyuki ndani ya mzinga wa mtu mwingine. Jioni ya pili vivyo hivyo. Ya tatu akapika ugali, akautazama mpaka ukapoa. Hakuwa ametamka neno tangu arudi sokoni, wala hapakuwa na wa kulitamkia. Joto lilikuwepo tele. Akawaza kwamba kwa Mayunga, hata kama ni jikoni kwa mke mkubwa, kuna watu.

Akakunja blanketi. Akafunga vyombo kwenye gunia, akaliweka mlangoni, tayari kwa gari la asubuhi la kushuka bondeni. Halafu akasimama katikati ya chumba kilichoondolewa vitu, akachukua kisu, akapanda kwenye stuli ili ashushe dari.

Mshono wa pembe ile ulikatika kwa sauti ndogo. Baridi ikamwagika usoni kwake kama maji ya kisima. Nyuma yake zikafuata sauti. Walikuwa wameanza rozari. Shija akabaki juu ya stuli, kisu mkononi, mpaka walipomaliza.

Asubuhi gari la bondeni liliondoka bila yeye.

Nanenane ikafika. Mayunga alipanda kuja kununua dawa za mifugo, akapita sokoni, akamkuta shemejiye nyuma ya mchele, masweta mawili, mdomo umepasuka.

"Bado upo?"

"Bado."

Mayunga akanunua kilo mbili, akaenda zake.

Miaka tisa imepita. Jenifa yuko kidato cha tatu. Juzi Shija alihamia vyumba vyake mwenyewe huko Milanzi, na Jenifa ndiye aliyekwenda kumsaidia kushusha dari. Viroba vimekuwa vyeusi kwa moshi wa miaka. Walipofika kwenye pembe ile, Jenifa akajaribu kupitisha kiganja kwenye tundu. Sasa hakikupita.

"Mama mkubwa, panya hakuwepo, sivyo?"

Shija aliendelea kukunja kiroba, akakikung'uta vumbi, akakikunja tena.

"Hakuwepo. Kila jioni, zamu yako ikifika, ulikuwa unasema: na yule mama wa chumba cha tatu, baridi isimuume. Umesahau, ulikuwa mdogo. Mimi nilikuwa sina mtu mwingine wa kunitaja. Ningeziba, ningesikiaje?"