Shayiri Iliyoota Kijani

Mama mkwe wangu, Dhankumari, nampenda. Natanguliza hilo msije mkadhani nasengenya. Lakini miaka minne ya kwanza, jamani, alinitoa jasho!

Kila sikukuu ya Dashain, Wahindu kama yeye huotesha shayiri mchangani, gizani, kwa siku tisa. Husema anayekua kwenye ule mchanga ni mungu wa kike mwenyewe. Siku ya kumi mkubwa wa nyumba huwabandika wadogo mchele mwekundu uliochanganywa na mtindi kwenye paji la uso na kuwachomekea machipukizi ya manjano nyuma ya sikio. Mimi nimezaliwa kwa Wabudha, watu wa kabila la Watamang, mlima wa pili. Mwanawe alinioa bila kumuuliza. Basi zamu yangu ikifika, alinisukumia sahani: "Jibandike mwenyewe." Nilijibandika, kisha nikaenda jikoni kulia.

Mwaka wa tano magoti yakamkataa. Mume wangu alikuwa Qatar kazini, ikabidi Mama mkwe anikabidhi mimi chumba cha shayiri.

"Maji asubuhi. Mlango ufunge. Mwanga usiingie hata chembe!"

"Sawa, Mama."

Niliapa moyoni kwamba mwaka huu atanigusa kichwa. Siku ya tano nikakuta ukungu mweupe mchangani. Nafundisha sayansi, nikiuona mmea unaoza, mikono inaniwasha. Nikafungua dirisha. Kidogo tu, kila mchana.

Siku ya kumi nikaitoa shayiri mbele ya ukoo mzima. Ilikuwa kijani kibichi, fupi, haifiki hata nusu ya kiganja.

"Loo!" shemeji yangu Bhojraj akacheka. "Shemeji katuletea majani ya mbuzi!"

Mama mkwe hakucheka. "Sukmaya, umefanya nini?"

"Nimefungua dirisha, Mama. Ilikuwa inaoza. Nisamehe."

"Mbona yangu hurefuka?"

Nilishaharibu, nikaona bora niseme kweli. "Gizani mche hula akiba ya mbegu yake, Mama, unajivuta kuutafuta mwanga. Ile manjano ni njaa."

"Haya! Na kwenu wanasemaje kuhusu kukua?"

"Marehemu mama alisema mbegu isipokubali kuacha kuwa mbegu, haioti."

Bhojraj akaguna, "Sasa mungu naye tumfundishe kuota?"

"Nyamaza wewe!" Mama mkwe akaishika ile shayiri, akaipapasa kwa kidole. 

"Nililetwa nyumba hii nina miaka kumi na mitatu," akasema. "Mama mkwe wangu alinifungia ndani, nisionane hata na dada zangu. Nikarefuka, nikawa manjano. Watu wakasifu: mkwe mzuri huyo! Dirisha hakunifungulia mtu." Akanitazama. "Na mimi nikakufungia wewe."



"Sogea."

Nikapiga magoti. Mkono wake ulikuwa mzito, na vidole vyake baridi kwa mtindi wa ule mchele. Akanibandika, akachomeka shayiri ya kijani nyuma ya sikio langu. Ikaanguka kwa ufupi wake. Akaichomeka tena.

"Kua, mwanangu."

"Mama, nina miaka thelathini na mmoja."

"Kua tu. Na mimi bado."

Nashukuru, nashukuru mpaka leo. Kabla sijainuka, akainamisha kichwa chake chenye mvi akanigeuzia sikio.

"Nichomekee na mimi," akasema. "Ya kijani."