Chafya Katika Gredi ya Kwanza

Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Katika shule yetu mambo ni kinyume: asiyekuwepo ndiye hupewa kazi. Nilichelewa mkutano wa wazazi kwa sababu mtoto mchanga alinitapikia leso mara mbili, na nilipofika nikakuta wameshanichagua kuwa mama wa darasa, Gredi ya Kwanza. Wakapiga makofi. Niliwaambia wazi kwamba hiyo haikuwa heshima, ulikuwa mtego, nao wakacheka na kuzidi kupiga makofi.

Shule yenyewe iko pale chai ya kampuni inapoishia na mashamba madogo ya watu yanapoanzia, upande wa Kericho unaoelekea Bomet. Watoto wa wakulima wa Kikipsigis husoma hapo pamoja na watoto wetu sisi ambao wazazi wetu walitoka Kisii kuja kuchuma chai, wakazeekea hapa. Madarasa ya chini hufundishwa kwa Kikipsigis na Kiingereza, na Kiswahili hupita katikati kupatanisha. Binti yangu mkubwa alikuwa ameshazoea. Alirudi nyumbani akihesabu vijiko kwa Kikipsigis, na mimi mama yake nilijua Kikipsigis cha kununulia maziwa tu.

Kazi niliyopewa ilikuwa moja. Kila Ijumaa asubuhi nilimfuata bibi kizee mmoja nyumbani kwake, nikamleta darasani awasimulie watoto hadithi kwa lugha yake. Watoto walimwita kogo, yaani nyanya au bibi kwa Kikipsigis, nami nikamwita hivyo hivyo. Tulikata njia katikati ya chai, yeye mbele na mimi nyuma na mtoto mgongoni. Siku nyingi ukungu ulikuwa umelalia mashamba, ukawasikia wachumaji wakizungumza hatua chache kutoka kwako na usimwone hata mmoja. Kogo aliwaitikia wote. Siku moja aliitikia salamu ambayo mimi sikuisikia. Nilipomuuliza ni nani huyo, alisema, "Watu wa hapa," akaendelea na safari. Mimi si mwoga, lakini siku hiyo niliangalia nyuma mara mbili.

Lazima niseme habari ya mama yangu, maana bila yeye haya mengine yangekuwa kichekesho tu. Mama alichuma chai maisha yake yote. Alifariki mwaka mmoja kabla ya mtoto huyu kuzaliwa, na kwa kuwa nyumba za kampuni hazina mahali pa kuzika, tulimpeleka Kisii, kwenye shamba la baba ambako mama mwenyewe alilala siku za Krismasi tu. Aliwahi kuniambia kule hajui hata jirani wa kumwomba chumvi. Tulimzika hivyo hivyo. Nilipompata binti wa pili nilimpa jina lake, maana kwetu aliyetangulia hurudi kwa jina, nikalia sana, na kilikuwa kilio cha mtu aliyepata. Nikimnyonyesha nilimwita mama, wala sikuwa natania.

Ijumaa moja somo lilikuwa jinsi watoto wanavyopewa majina. Mwalimu, mama kijana mwenye bidii, alikuwa ametengeneza mwanasesere kwa sweta kuukuu. Mila ya Wakipsigis ni hii: mtoto akizaliwa, kina mama wa nyumba humwitia majina ya watu wao waliokufa, moja baada ya jingine, na jina ambalo mtoto atapiga chafya likitajwa, huyo ndiye aliyerudi. Kogo alikuwa amwitie majina yule mwanasesere, watoto waone.

"Kogo, taja tu majina yoyote ya kubuni," mwalimu akamwambia. "Ni mchezo."

"Mtu amekufa hawezi kubuniwa, mwalimu," kogo akajibu. "Nitaita yenye niko nayo."

Akaanza. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, karibu na ubao, nikimtikisatikisa mtoto wangu mgongoni. Aliita jina la kwanza, mwanasesere kimya, watoto wakacheka. La pili, la tatu, la nne. Alikuwa akiita polepole, na baada ya kila jina alinyamaza muda mrefu kuliko mchezo unavyohitaji. Alipoita la tano, mtoto wangu akapiga chafya.

Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka. Kogo hakucheka. Aliweka mwanasesere kwenye dawati, akanigeukia, akaliita tena jina lile lile akimtazama mtoto juu ya bega langu. Mtoto akapiga chafya ya pili. Watoto wakanyamaza wenyewe, bila kuambiwa, na hilo ndilo lililonisisimua mwili, kwa sababu mimi ni mama wa darasa na najua Gredi ya Kwanza hainyamazi bila kuambiwa.

"Huyu ni dada yangu," kogo akasema.

"Ni vumbi la chaki, Kogo," nikasema.

"Alikufa bila mtoto. Nimemwita kwa watoto ya ndugu zangu wote, hakuja. Kumbe alikuwa anangoja hapa." Akasogea, akamtemea mtoto mate kidogo kifuani namna wazee wanavyobariki, akasema maneno ya kwao kwa sauti ya chini. Kisha akanishika mkono. "Usiogope, mama. Alikuwa mtu mzuri."

Jina hilo sitaliandika hapa. Mtasema ni ushirikina. Semeni.

Nyumbani nilimweleza mume wangu, ambaye hufanya kazi kiwandani kwenye kukausha majani na hana muda wa mizimu. Alisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akajichekea mwenyewe, nami nikamrushia kitambaa cha vyombo. Mchungaji wetu naye alisema chafya ni chafya na tuombe. Tukaomba. Lakini tangu siku hiyo kogo alianza kuja kwangu, na si Ijumaa pekee. Alileta mursik, maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu, akakaa kwenye kiti kidogo mlangoni, akampakata mtoto. Mtoto wangu alikuwa mlizi, majirani ni mashahidi, lakini mikononi mwa kogo alinyamaza akamtazama usoni kwa makini, jinsi mtu anavyomtazama mtu aliyemjua zamani na sasa amezeeka.

Niliona wivu. Si neno zuri kwa mzazi kuliandika, lakini ndilo. Kama yule dada wa kogo alikuwa ameingia, basi mama yangu alikuwa wapi? Nilimwona mama kule Kisii chini ya migomba asiyoijua, akiwa tayari kuja, na mlango umeshikwa na mtu mwingine.

Siku moja mchana nikafanya jambo la kijinga. Mtoto alikuwa amelala chali kitandani, macho wazi, akitazama mabati. Nilisimama mlangoni nikaita jina la mama. Hakugeuka. Nikaita tena, nikaita kwa Kikisii kama shangazi zangu walivyokuwa wakimwita, nikaita mpaka sauti ikapasuka. Mtoto alitazama mabati. Lile jina lingine lilikuwa pale pale kwenye ulimi, nami nilijua nikilisema tu nitapata jibu, hivi au vile. Nilifumba mdomo kwa kiganja, nikatoka nje kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka.

Kogo alipokuja tena, nilimkuta langoni kabla hajaingia.

"Kogo, huyu mtoto ana jina. Ni la mama yangu mzazi. Nakuomba usimwite tena hilo lenu. Na wewe usije."

Aliniangalia bila hasira. Ningependelea hasira.

"Sawa," akasema. "Mimi sitaita. Hata sitakuja. Lakini mama, mimi siyo nilimleta." Akaweka kibuyu chini kando ya ua, akaondoka kupitia chai, na ukungu ukamfunika hata kabla hajafika kwenye bonde.

Nikajiuzulu umama wa darasa. Kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi niliandika kwamba nina shughuli nyingi, wakanitumia vidole gumba na maua. Mwalimu alinipigia simu mara mbili akisema Ijumaa zimekuwa baridi, kwamba kogo hapendi kuletwa na mtu mwingine na huenda akaacha kuja. Nilimjibu vibaya. Naweza kumjibu mtu vibaya kwa adabu kabisa, ni kipaji nilichozaliwa nacho. Binti yangu mkubwa nilimkalisha chini nikamwambia jina lile lisitajwe nyumbani mwangu, hata kwa mchezo, hata kwa kunong'ona. Akakubali. Halikutajwa.

Kogo alitimiza ahadi yake mpaka mwisho, na mwisho haukuwa mbali. Mwaka uliofuata alifariki. Nilikwenda kwenye mazishi kwa sababu niliona aibu, ila mtoto nilimwacha kwa jirani. Nilijua mazishi ya watu wa hapa: husomwa wasifu wa marehemu, na ndani yake hutajwa ndugu zake wote waliomtangulia. Kweli, msomaji alipofika kwa dada yule, akalitaja jina lile kwenye kipaza sauti, likaenda mpaka ng'ambo ya bonde likarudi. Nilijipongeza kwa werevu wangu wa kumwacha mtoto kwa jirani.

Niliporudi, jirani alisema mtoto hakumsumbua. Alilala mchana wote. "Ila aliamka mara moja," akasema, "akaenda akasimama mlangoni, akatazama huko upande wa mazishi. Nikamuuliza, unataka mama? Hakugeuka. Halafu akarudi akalala." Nilimuuliza ilikuwa saa ngapi. Hakuwa ameangalia saa, wala mimi sikutaka kujua zaidi.

Miaka ikapita vizuri tu. Mtoto alikimbia, akasema, akavunja vikombe, akapenda viazi na kuchukia uji, mtoto kama watoto wengine. Jina la mama nilimfundisha kila asubuhi nikimvisha sweta. "Wewe ni nani?" nilimuuliza, naye alijibu kwa wimbo tuliotunga wawili, na kila akijibu mama yangu alisogea karibu kidogo. Nilianza hata kurudi shuleni. Nilisaidia kuchora picha za wanyama kwenye ukuta wa chekechea, ng'ombe akatoka na miguu mitano, na hakuna aliyenilaumu.

Mwaka huu, Januari, nilimpeleka kuandikishwa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Mwalimu yule yule ndiye alikuwa kwenye meza ya kuandikisha. Tulisalimiana vizuri, yaliyopita tulikuwa tumeyafunika. Niliweka cheti cha kuzaliwa mezani. Yeye huwauliza watoto wapya maswali machache kwa lugha mbili, Kiswahili kwanza halafu Kikipsigis, ili ajue kila mmoja amkalishe karibu na nani. Binti yangu ana Kikipsigis cha kuchezea na watoto wa jirani, hakina shida.

"Unaitwa nani?" mwalimu akauliza kwa Kiswahili.

Mtoto akaimba jina la mama yangu, na wimbo wake wote. Mwalimu akacheka. Mimi nilijaa fahari mpaka nikapangusa macho.

Kisha mwalimu akamuuliza lile lile kwa Kikipsigis.

Mtoto hakuimba. Alisimama wima, akaweka mikono nyuma, akalitaja lile jina la dada yake kogo, taratibu, kwa matamshi ya wazee ambayo mimi na mwalimu tuliwahi kuyasikia kwa mtu mmoja tu.

Kalamu ya mwalimu ilisimama. Nje watoto walikuwa wakipiga kelele za asubuhi ya kwanza.

"Mama," akaniuliza polepole, "hili alifundishwa na nani?"

Nilitaka kumwambia ni dada yake mkubwa. Lakini dada yake alikuwa nyuma yetu na begi lake la Gredi ya Tano, uso umempauka, akitikisa kichwa, na yule ni mtoto ambaye akidanganya huwa ninamjua kwa masikio yake kuchezacheza. Masikio yalikuwa yametulia.

Mwalimu akarudia maswali yote mawili. Akajibiwa vile vile: kwa Kiswahili wimbo, kwa Kikipsigis lile jina. Hapo ndipo niliposhikilia ukingo wa meza, maana nilielewa kitu ambacho miaka yote nilikuwa nimekikimbia. Jina la mama nilikuwa nimemfundisha mimi, neno kwa neno, kama mtu anavyofundishwa kusema asante. Lile lingine hakuna aliyemfundisha. Mama yangu hakuwahi kuja. Yuko Kisii, kwa majirani asiowajua, na mimi ndiye niliyempeleka.

"Sasa darasani tumwite nani?" mwalimu akauliza.

"Mwite la mama yangu," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Ndilo liko kwenye cheti. Ndilo jina lake."

Mwalimu akaandika. Mtoto aliinua uso akanitazama wakati nikisema hayo, wala hakubisha. Alinitazama kwa upole, kama mtu mzima anavyomwacha mfiwa aseme.